Banda au malisho: mwongozo kamili wa kulinda damu ya ng'ombe wa maziwa

Mfugaji akishajenga banda, akapanda mabingobingo na kufunga lango, huamini kwamba damu ya ng'ombe wake imesalimika. Amepatia nusu tu. Banda humwondolea ng'ombe sehemu kubwa ya kupe, mbung'o na minyoo, lakini lina maadui wake wa damu: makapi ya sokoni, matandiko mabichi, inzi wanaouma na majani yaliyokatwa kandokando ya njia ya mifugo. Halafu lina deni moja la siri. Ng'ombe aliyekulia ndani hana kinga ya magonjwa ya kupe, na siku akitoka, deni hilo hulipwa kwa mkupuo. Ndiyo maana wiki za kuhofia kuliko zote ni zile sita za mwanzo baada ya kumhamisha, iwe kutoka bandani kwenda malishoni au kutoka malishoni kuja bandani.

Mwongozo huu unahusu ng'ombe chotara na wa kisasa wa nyanda za juu na ukanda wa pwani wa Tanzania na Kenya, ambako mfugaji mmoja anaweza kutumia mifumo yote miwili ndani ya mwaka mmoja: masika anakata majani, kiangazi anafungulia.

Damu ya ng'ombe mzima inasomekaje

Kipimo cha kwanza na cha bei nafuu ni PCV, yaani asilimia ya damu ambayo ni chembe nyekundu. Kwa ng'ombe mkubwa mzima huwa kati ya 24 na 46. Himoglobini huwa gramu 8 hadi 15 kwa kila desilita, na chembe nyeupe 4,000 hadi 12,000 kwa kila mikrolita. Ng'ombe anayekamuliwa sana hukaa upande wa chini wa viwango hivyo, kwa hiyo PCV ya 27 kwa ng'ombe wa lita 18 si ugonjwa. Jambo la kuogopa ni namba kushuka. Aliyekuwa 33 mwezi uliopita na leo ana 26 anahitaji kuchunguzwa hata kama maabara wameandika kwamba yuko sawa.

Damu yote ni kama asilimia 6 hadi 8 ya uzito wa mnyama. Ndama wa kilo 100 ana lita 6 hadi 8 tu. Mnyoo wa tumbo la nne anayenyonya damu hupoteza kama mililita 0.05 kwa siku, kwa hiyo minyoo 2,000 humwondolea ndama huyo mililita 100 kila siku, na uboho wake hauwezi kufidia kwa muda mrefu akiwa anakula majani makavu.

Chembe nyekundu ya ng'ombe huishi kama miezi mitano. Hilo lina maana mbili. Upungufu unaotokana na lishe huja polepole, hauonekani wiki ya kwanza. Na ukiona PCV imeporomoka ndani ya siku tatu, usitafute sababu kwenye chakula cha kawaida. Chembe zinapasuliwa au damu inavuja mahali.

Malishoni: nani anakula damu, na kwa njia gani

Kupe wa bluu ndiye mleta ndigana baridi na ugonjwa wa kukojoa damu. Hukaa juu ya ng'ombe mmoja tangu anapopanda akiwa mdogo mpaka anashiba, kama wiki tatu. Kwa kuwa hashuki, kuogesha kila siku 7 humkuta akiwa bado mwilini.

Kupe wa kahawia wa masikioni ni habari nyingine. Yeye hunyonya wanyama watatu tofauti katika maisha yake, na ndiye anayeleta ndigana kali. Vijidudu vilivyomo kwenye mate yake huhitaji siku 3 hadi 4 za kunyonya ndipo viive. Hapo ndipo penye siri ya ratiba: kwenye maeneo yenye ndigana kali nyingi, kuogesha mara moja kwa wiki humpa kupe nafasi ya kutosha kuambukiza. Ni mara mbili kwa wiki, kila baada ya siku 3 au 4, la sivyo ng'ombe awe amechanjwa. Na ndigana kali, tofauti na wanavyodhani wengi, si ugonjwa wa kupauka. Inashambulia chembe nyeupe: tezi chini ya sikio na mbele ya bega huvimba, homa hupanda, kisha mapafu hujaa maji. Utando wa jicho unaweza kuwa mwekundu vizuri wakati ng'ombe anakufa.

Mbung'o huleta nagana, na nagana ni ugonjwa wa PCV kuliko mwingine wowote: ng'ombe hukonda, manyoya husimama, damu hushuka wiki baada ya wiki huku akiendelea kula. Unguja waliwamaliza mbung'o wao katika miaka ya 1990 kwa kuachia madume waliofanywa tasa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996. Bara bado wapo, hasa karibu na mapori na hifadhi.

Wa mwisho ni minyoo: ile ya tumbo, na minyoo bapa ya ini inayopitia kwa konokono wa madimbwi na mabonde. Minyoo bapa ndiyo inayosahaulika kwa sababu huchelewa. Ng'ombe hula majani ya bondeni mwezi wa tano, anapauka na kuvimba taya mwezi wa nane au wa tisa akiwa ameshahamia kwingine, na lawama huangukia malisho mapya.

Bandani: maadui wanaoletwa na mfugaji mwenyewe

Majani ya kukata ndiyo mlango mkuu. Kupe wadogo huning'inia kwenye ncha za nyasi zilizoota pale ng'ombe wa kijiji wanapopita, na huingia bandani ndani ya mzigo uleule unaobebwa kichwani. Vivyo hivyo minyoo bapa michanga iliyotoka kwa konokono: vifuko vyake hunata kwenye shina la nyasi za bondeni, sehemu ya chini iliyozama majini. Mfugaji anayekata majani ya kinamasi mpaka usawa wa maji anamlisha ng'ombe wake minyoo bapa kwa mkono. Kata juu ya maji, sentimita 15 au zaidi, au tengeneza saileji, yaani majani yaliyochachushwa bila hewa.

Makapi ya sokoni yanastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, maana mijini ndiyo chakula cha nusu ya mabanda. Kabichi, sukuma wiki na jamii yake zina kemikali ambayo tumboni hugeuka kuwa sumu ya chembe nyekundu. Zikilishwa peke yake kwa wiki mbili tatu, chembe hupasuka na mkojo hugeuka wa kahawia. Zisizidi theluthi ya chakula cha siku. Vitunguu hufanya hivyohivyo, tena kwa kasi zaidi. Ng'ombe huvipenda, wauzaji huvitoa bure msimu vikioza, na mimi na wewe tunajua kitu cha bure kinavyovutia. Viache hukohuko sokoni.

Majani yaliyotiwa urea au samadi nyingi, hasa baada ya ukame kufuatwa na mvua ya ghafla, hujaza naitreti. Damu hugeuka rangi ya chokoleti na kushindwa kubeba hewa, ng'ombe huhema kwa nguvu akiwa na ufizi wa kahawia, na kifo huja ndani ya saa chache. Subiri wiki 3 hadi 4 baada ya kuweka mbolea ndipo ukate. Mtama mchanga, machipukizi ya mtama uliokatwa na maganda mabichi ya muhogo chungu yana sumu ya sianidi. Hapo kinyume chake hutokea: damu huwa nyekundu sana, na bado mnyama anakufa kwa kukosa hewa. Ukiangalia rangi ya damu kwenye sindano, hiyo tofauti peke yake humwambia daktari aanze na dawa gani.

Matandiko mabichi huzalisha mambo mawili. Kwanza inzi wa bandani anayeuma, anayefanana na inzi wa kawaida lakini ana mdomo mgumu unaochomoza mbele. Huzaliana kwenye samadi iliyochanganyika na mabaki ya majani, na akinyonya ng'ombe mgonjwa kisha mzima anaweza kuhamisha ndigana baridi bila kupe hata mmoja. Pili minyoo ya safura ya ng'ombe, ambayo viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya miguu ya ndama anayelala kwenye unyevu. Katika mabanda ya nyanda za juu wapo pia wanaokata feni ya porini, yaani kangaga, kutandika. Ng'ombe huila akiwa na njaa, na ikiliwa kwa muda huua uboho, huleta kutokwa damu puani na mkojo wa damu wa kudumu ambao hauna tiba. Isitumike kama matandiko kabisa.

Na kuna madini. Ng'ombe wa malishoni huchagua, huonja magadi, hulamba udongo. Wa bandani hula ulichomletea. Eneo la Nakuru huko Kenya liliwahi kuupa ugonjwa jina, Nakuruitis: ng'ombe walikonda na kupauka katikati ya nyasi nzuri, na chanzo kikaja kuonekana ni upungufu wa kobalti kwenye udongo. Bila kobalti vijidudu vya tumbo haviwezi kutengeneza vitamini B12. Bila shaba, chuma kilichopo mwilini hakitumiki. Kumpa ng'ombe kama huyo sindano ya chuma ni kujaza maji kwenye ndoo isiyo na kitako.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kumhamisha

Wiki mbili kabla ya kuhama, chukua damu ya kila mnyama, au walau ya watano kama kundi ni kubwa: mmoja aliyezaa karibuni, mmoja mwenye mimba kubwa, mtamba na ndama wawili.

Chukua asubuhi kabla ya kulisha, mnyama akiwa ametulia. Ukimkimbiza, bandama hubana na kumwaga chembe zilizohifadhiwa, PCV inapanda kwa uongo. Tumia mshipa wa shingo au wa chini ya mkia, sindano ya geji 18 au 20, chupa yenye kifuniko cha zambarau iliyotiwa EDTA, dawa ya kuzuia damu kuganda. Jaza mpaka mstari. Ukiweka damu kidogo, dawa iliyomo huzifanya chembe zisinyae na kipimo hushuka. Igeuze taratibu mara 8 hadi 10, usiitikise. Weka kwenye kisanduku chenye barafu iliyofungwa kitambaa, isigande, ifike maabara ndani ya saa 24.

Kila ng'ombe sindano yake. Hapa hakuna kubana matumizi: sindano moja kwa kundi zima ndiyo njia ya uhakika ya kusambaza ndigana baridi, sawa na msumeno wa pembe na koleo la hereni lisilooshwa.

Chukua pia tone kutoka ncha ya sikio, ulipake juu ya kioo, likauke. Vijidudu vya ugonjwa wa kukojoa damu hujikusanya kwenye mishipa midogo ya sikio na mkia, na damu ya shingoni inaweza kukosa kuvionyesha. Tanzania, maabara za kanda za TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, hupima haya yote. Kenya zipo Kabete na maabara za kanda za uchunguzi wa mifugo.

Wapo wanaoacha chupa usiku kucha isimame ili wasome tabaka la chembe. Kwa farasi ingewezekana. Damu ya ng'ombe hutuama polepole mno, na asubuhi utasoma uongo. PCV husomwa kwa mashine ya kuzungusha, kama mizunguko 12,000 kwa dakika, muda wa dakika 5.

Pamoja na PCV omba protini ya damu. Ng'ombe wa bandani anayepewa ndoo mbili za maji kwa siku anaweza kuonyesha PCV ya 38 inayopendeza, kumbe damu imekauka tu. Protini ikiwa juu nayo, jua ni kiu. Ng'ombe anayekamuliwa anahitaji lita 60 hadi 100 za maji kwa siku.

Kama maabara iko mbali, fungua kope la chini na uangalie utando wake kwenye mwanga wa jua, ufananishe na utando wa ndani ya uke. Kadi ya rangi za jicho iliyotengenezwa Afrika Kusini ilikusudiwa kondoo na mbuzi. Kwa ng'ombe huonyesha upungufu ukiwa tayari mkubwa. Tumia kujua nani aanze kupimwa, usiifanye kipimo.

Hatua ya 2: Kutoka bandani kwenda malishoni

Amua mapema. Ndama akiwa na umri wa miezi 2 hadi 9 huhimili ndigana baridi na ugonjwa wa kukojoa damu kuliko ng'ombe mkubwa. Akiambukizwa kipindi hicho huugua kidogo na kubaki na kinga. Mtamba wa miaka mitatu aliyekulia kwenye sakafu ya saruji akikutana na ugonjwa huohuo anaweza kufa. Kwa hiyo ukijua ng'ombe atakuja kuchungwa, usimlee kama wa bandani tu halafu umtoe akiwa na mimba.

Wiki 6 kabla: chanjo ya ndigana kali. Hii ni ile inayotolewa pamoja na oksitetrasaiklini ya kudumu, inayohifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza Muguga, Kenya. Hutolewa mara moja, kinga yake hudumu miaka mingi, na aliyechanjwa huvishwa hereni. Kwa kuwa chanjo ikishayeyushwa lazima itumike ndani ya saa chache, jiungeni majirani mfikishe idadi ya ng'ombe. Kinga huhitaji kama wiki 4 kukamilika. Wagonjwa, walio dhaifu na wenye mimba kubwa wasichanjwe siku hiyo.

Kumbuka chanjo haizuii ndigana baridi wala kukojoa damu. Kuna wafugaji waliovunja ratiba ya kuogesha siku iliyofuata chanjo na kulipia kosa hilo mwezi uliofuata.

Wiki 2 kabla: badilisha chakula kidogokidogo kwa siku 10 hadi 14.

Siku ya kwanza: saa mbili tu za malisho, kuanzia umande unapokauka. Viluwiluwi vya minyoo hupanda juu ya majani yakiwa na unyevu na kushuka jua linapokolea; anayefungulia saa kumi na mbili asubuhi anawalisha ng'ombe wake umande pamoja na viluwiluwi. Ongeza saa moja kila siku mbili. Mabonde yafungwe kwa ua au mchungaji asimamie upande huo.

Kuogesha: dawa ipimwe kwa chombo, siyo kwa jicho, na ng'ombe mkubwa apate kama lita 4 hadi 5 za maji ya dawa ikiwa unatumia bomba la mgongoni. Anza masikio kwa ndani, chini ya mkia, kiwele, katikati ya miguu, kisha mwili. Kupe wakibaki hai siku mbili baada ya dawa iliyopimwa sawasawa, badilisha aina ya dawa, kutoka jamii ya pairethroidi kwenda amitrazi au kinyume. Kuongeza ukali wa dawa ileile huzidisha usugu.

Sasa ratiba ya kufuatilia, inayotokana na muda ambao kila ugonjwa huchukua kujitokeza:

- Siku ya 8 hadi ya 25: pima joto kila asubuhi kwa njia ya puru. Likizidi 39.5 kwa siku mbili mfululizo, papasa tezi chini ya sikio na umwite mtaalamu. Huu ni muda wa ndigana kali.
- Wiki ya 2 hadi ya 3: PCV ya kwanza na kioo cha damu. Nagana na kukojoa damu huonekana hapa.
- Wiki ya 4 hadi ya 6: PCV ya pili na kinyesi cha kuangalia mayai ya minyoo. Ndigana baridi huchukua wiki 3 hadi 5, minyoo ya tumbo huanza kutaga baada ya wiki 3 au 4.
- Mwezi wa 4: kinyesi tena, safari hii kwa njia ya kutuamisha, kwa sababu mayai ya minyoo bapa ni mazito na njia ya kawaida ya kuelesha huyakosa.

PCV ikishuka zaidi ya alama 5 kutoka ile ya hatua ya 1, usisubiri ifike chini ya 24.

Hatua ya 3: Kutoka malishoni kuingia bandani

Watu hudhani huku ni rahisi. Kosa la kawaida ni kumwingiza ng'ombe pamoja na mzigo wake wote wa kupe na vijidudu, karibu na wenzake wasio na kinga.

Mtenge siku 21 hadi 28, walau mita kadhaa kutoka kwa wengine. Siku ya kwanza mwogeshe na umtoe kupe kwa mkono masikioni. Mpe dawa ya minyoo ya tumbo. Kwa minyoo bapa, albendazoli ya miligramu 10 kwa kilo huua iliyokomaa tu, kwa hiyo irudie baada ya wiki 10 hadi 12, na asipewe aliye katika mwezi wa kwanza wa mimba. Triklabendazoli ya miligramu 12 kwa kilo huua hata michanga, lakini soma lebo: nyingi haziruhusiwi kwa ng'ombe anayekamuliwa.

Ili usikosee dozi, jua uzito. Zungusha kamba nyuma ya miguu ya mbele upate mzingo wa kifua kwa sentimita, pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako. Mzingo mara mzingo mara urefu, gawa kwa 10,840. Mzingo 165 na urefu 140 hutoa kama kilo 352. Kukadiria kwa macho huwafanya ng'ombe wakubwa wapewe dawa pungufu, na minyoo hujifunza.

Kisha banda lenyewe. Kila ng'ombe mkubwa apate kizimba cha upana wa mita 1.2 na urefu wa 2.1 hadi 2.4. Sakafu iinamie mfereji kwa sentimita 2 hadi 3 kila mita. Samadi itolewe kila siku, na ikishindikana kabisa, mara mbili kwa wiki, kwa sababu inzi anayeuma huhitaji wiki 2 hadi 4 kukamilisha mzunguko wake na ukivunja hapo umeuvunja wote. Ndama wawe na kona kavu. Nao ndio wanaopata chawa wanyonyao damu banda likijaa, tafuta mayai yao meupe kwenye manyoya ya shingo na mgongoni. Ndama wa wiki 3 hadi miezi 6 akiharisha damu, fikiria koksidia, vijidudu vya utumbo, kabla ya minyoo.

Ndama anayelelewa kwa maziwa peke yake bandani hupungukiwa chuma, maana maziwa yana chuma kidogo sana. Mpe majani laini na chakula cha ndama kuanzia wiki ya pili.

Kwa wakubwa: majani mabichi kama asilimia 10 ya uzito wa mwili kwa siku, madini gramu 50 hadi 100 yenye kobalti, shaba na fosforasi iliyoandikwa kwenye lebo. Jiwe la chumvi nyeupe tupu halitoshi. Himoglobini ni protini pia, na nyasi za kiangazi haziitoi. Majani mabichi ya mti wa kaliandra kilo 3 hukaribia kilo 1 ya chakula cha kununua, na majani ya lusina yasizidi theluthi ya chakula. Fosforasi ikipungua, ng'ombe wa maziwa mengi anaweza kukojoa mkojo mwekundu wiki 2 hadi 4 baada ya kuzaa bila kupe wala kijidudu chochote.

Usitegemee PCV ipande wiki ya kwanza. Chanzo kikishaondoka, hesabu wiki 4 hadi 6. Isipopanda kufikia hapo, rudi kwenye minyoo bapa na madini.

Ukimkuta tayari amepauka

Angalia mkojo na kinyesi kabla hujafungua sanduku la dawa. Mkojo mwekundu na homa ni kukojoa damu kwa kupe: diminazini miligramu 3.5 kwa kilo au imidokabu 1.2. Utando umepauka na kuwa wa manjano, kinyesi kikavu, mkojo wa manjano iliyokolea lakini si mwekundu: ndigana baridi, kwa sababu chembe huharibiwa ndani ya bandama na himoglobini haifiki kwenye mkojo. Oksitetrasaiklini ya asilimia 20, mililita 1 kwa kilo 10, ndani ya msuli, igawanywe sehemu kadhaa za mwili. Mkojo mwekundu bila homa: kabichi, vitunguu, upungufu wa fosforasi au feni ya porini, sindano ya kupe haitasaidia. Taya kuvimba na kupauka bila homa: minyoo. Tezi kubwa, homa, kikohozi: buparvakuoni mililita 1 kwa kilo 20, na kadiri inavyochelewa ndivyo inavyoshindwa. Dozi hizi zipitie kwa daktari au afisa mifugo, na siku za kumwaga maziwa zifuatwe kama lebo inavyosema.

Sindano nyekundu za "kuongeza damu" zina kazi ndogo: humsaidia ndama wa maziwa tupu au ng'ombe aliyenyonywa na minyoo kwa miezi, baada ya minyoo kuondolewa. Kwa ndigana baridi, chuma hakijapotea, kimebaki mwilini. Ni chembe zilizovunjwa.

Ng'ombe mwenye PCV chini ya 15 asiswagwe kwenda josho, asifukuzwe, asiangushwe kwa kamba. Wengi hufa hapo wakihangaika, kabla dawa haijaanza. Mtibu pale alipo, kivulini, na maji karibu. Ikishuka chini ya 12 ndani ya siku chache, daktari anaweza kumwongezea damu: mtoaji mzima wa kilo 450 hutoa lita 4.5 hadi 6 kwenye chupa yenye sitreti ya kuzuia damu kuganda, mpokeaji hupewa taratibu nusu saa ya mwanzo huku akiangaliwa kama anatetemeka au kuhema. Makundi ya damu ya ng'ombe ni mengi, na mara ya kwanza kwa kawaida hupokelewa vizuri. Mara ya pili baada ya wiki moja hivi ni hatari, hata mtoaji akiwa yuleyule.